Karatasi ya vipimo ninayo mimi, lawama anabeba mke wangu

Shikamoo dada. Naomba jina langu lisitoke mana ndugu zangu wanasoma hapa, ata mke wangu anasoma sana safu hii, ye ndo kanizoesha, jioni nikiwa nyumbani ananisomea kwa sauti huku anakata kitambaa.

Mi ni dereva wa semi, nina miaka 37, nabeba mzigo Dar kwenda Lubumbashi, kwenda salfa, kurudi kopa. Makazi yetu Kibaha. Nimeoa mwaka 2021, mke wangu ana miaka 31, ni fundi cherehani, hatujabahatika kupata mtoto. Safari moja inakula wiki tatu, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, pale Zambia na Kongo, ikikaza inafika wiki nne, afu nakaa nyumbani siku 4 au 5 naondoka tena. Mwaka wa kwanza hatukuwaza sana. Wa pili mama yangu akaanza maneno, mara huyu mke umemchunguza kabla, mara kwao wanazaa kweli, na mke wangu akipiga simu kusalimia anajibiwa kwa mkato.

Mwaka juzi mke wangu akaenda hospitali mwenyewe. Akapimwa homoni, akapigwa ultrasaundi, afu akafanyiwa kile kipimo cha kupitisha dawa kwenye mirija wanapiga picha kuona kama imeziba. Siku hiyo mi niko foleni, akanipigia analia, anasema imemuuma balaa na katoka pale kapanda daladala kasimama mpaka Kibaha mana siti zilijaa. Majibu yote safi. Daktari akamwambia sasa tumuone na baba.

Hilo la tumuone na baba nilikaa nalo mwaka mzima, kila akinikumbusha nasema safari ijayo, safari ijayo. Mwezi wa tatu mwaka huu nikaenda kimya kimya. Nilikuwa nimetoka safari ya siku 19, sikupita ata nyumbani, nikaingia maabara moja mjini. Chumba chao nikashindwa, mlango hauna komeo na watu wanaongea nje, nikapewa kikopo nikaenda gesti, kurudi nikachukua bodaboda, foleni, nadhani saa moja na nusu ilipita. Mdada wa mapokezi akakipokea kile kikopo kama anapokea chenji. Majibu yakatoka: mbegu milioni 9 kwa mililita moja, zinazotembea asilimia 24, zenye umbo zuri asilimia 3, afu kuna sehemu kwa kalamu wameandika seli za usaha 10 hadi 15. Nikaambiwa kamuone daktari. Sikwenda dada, nisikudanganye.

Kuna jamaa yuko pale yadi tunapopaki, anauza virutubisho vya mtandao, ye nilimwambia. Akanieleza vizuri sana kuliko ata maabara, kwamba shida yangu inaitwa stresi ya oksijeni, mbegu zinapata kutu kama bodi la gari, na kwamba kuna antioksidanti za kuondoa hiyo kutu. Boksi la mwezi ni 340,000. Nimetumia miezi mitano. Kila nikimuuliza anasema dozi kamili ni miezi nane mwili lazima usafishike kwanza. Hela ya mileji yote inaishia huko, na nakiri kwako kwamba ile tuliyokuwa tunaweka kidogo kidogo anunue mashine ya ovaloki nimeichukua, nikamwambia gari lilipata faini.

Karatasi naiweka kwenye mfuko wa plastiki wa makaratasi ya gari, mana ndo sehemu pekee mke wangu hagusi. Safari iliyopita pale Tunduma afisa akauchukua mfuko wote, anapekua, akaitoa ile karatasi akaisoma. Akaniangalia. Akaikunja taratibu akairudisha nyuma ya leseni akasema dereva pita. Sijawahi kujisikia vile maishani, nimevuka Nakonde upande wa pili wa mpaka nikaendelea kuendesha sijaweka ata redio.

Sasa mwezi wa sita kimekaa kikao Lushoto kwetu. Mama kasema amenitafutia binti, baba mdogo akaunga mkono. Mke wangu alikuwepo, alikuwa anawapakulia wageni chakula. Akaweka sahani chini akasema kwa upole tu, muacheni aoe, mi nimechoka kuitwa tasa, nitarudi kwetu kwa amani. Watu wote wakaniangalia mi nisemeje. Nikanyamaza dada. Nikasema tutaongea.

Vitu vingine labda vitakusaidia. Navuta sigara, pakti moja kwa siku nikiwa barabarani, na vinywaji vya kuongeza nguvu ili nisisinzie. Siti ya gari yangu ni ya moto, injini iko chini yako, nakalia taulo. Januari niliumwa malaria kali nikalazwa Ndola siku 3. Na korodani la kushoto nikikaa sana linakuwa zito kama kuna kitu kinavuta chini, nikilala linaacha.

Naomba kujua, niendelee na hizo boksi tatu zilizobaki? Nimwambie mke wangu sa hivi, au nisubiri namba zipande ili nimwambie ikiwa imeshapona? Na mama nimfanyeje? Kuna mda wazo linanijia nioe tu huyo binti, labda kwa mwingine itashika.

Dereva, Kibaha

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako mara ya kwanza nimeisoma kama mshauri, mara ya pili nimeisoma kama mwanamke, na hapo kwenye daladala aliyosimama mpaka Kibaha nilibidi niweke simu pembeni kidogo. Nakwambia hivo si kukusuta. Umeliandika mwenyewe bila kulazimishwa, mtu asiyejali asingekumbuka kwamba siti zilijaa.

Nikikuelewa vizuri una mambo mawili umeyafunga furushi moja. Kuna mwili, majibu ya maabara ambayo hayajakufurahisha. Na kuna siri, kwamba mwenzio anatukanwa kwa kitu ambacho karatasi yake iko kwenye gari lako. Na zile boksi, naona kama umezinunua ili la kwanza liishe kabla la pili halijajulikana. Ndo mana 340,000 hukuiona kubwa, ulikuwa unanunua mda. Kama nimekosea nisahihishe, lakini tusome barua yako pamoja ukiwa na hilo kichwani.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mi si daktari, ila haya nimeyapitia na daktari wa mfumo wa mkojo ninayefanya nae kazi, na kitu cha kwanza alichouliza ni sampuli ilichukuliwaje. Kipimo hiki kina masharti: mwanaume akae siku 2 mpaka 7 tangu alipotoa mbegu mara ya mwisho, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja na isipate baridi wala joto kali. Wewe ulikuwa na siku 19 kama nimekuelewa, na kikopo kikakaa saa moja na nusu juu ya bodaboda. Mbegu zilizokaa muda mrefu bila kutoka zinachoka, na zikicheleweshwa njiani zinapunguza mwendo, kwa hiyo hiyo asilimia 24 huwezi kuichukulia kama ndo wewe. Afu kuna malaria. Mbegu moja kutengenezwa inachukua siku kama 74, ukiongeza safari yake ya kukomaa inakuwa karibu miezi mitatu, na homa kali inaziharibu zile zilizokuwa jikoni wakati huo. Uliumwa Januari, ukapima Machi. Yaani ulichopima mwezi wa tatu ni mazao ya kitanda cha Ndola.

Sisemi hakuna shida, inawezekana ipo. Nachosema ni kwamba kwa kawaida hawamalizi na karatasi moja, wanarudia angalau mara mbili, na wewe umeishi miezi mitano na kipimo ambacho maabara makini ingekuomba urudie. Na hizo namba wanazolinganishia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mstari kwenye milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, umbo zuri asilimia 4. Mstari huo ulipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12, na katika kila 100 wa namna hiyo 5 walikuwa chini ya mstari. Akina baba hao, mdogo wangu, walikuwa na watoto kabisa. Kuwa chini ya mstari kunapunguza uwezekano, hakuufuti.

Sasa hiyo oksijeni. Jamaa wa yadi hakukudanganya kila kitu na ndo mana ulimwamini. Ni jambo la kweli na la zamani, mwaka 1943 mtafiti mmoja Marekani anaitwa John MacLeod alionyesha kwamba mbegu za mwanaume zikiwekwa kwenye oksijeni nyingi zinapoteza mwendo. Mi mfano wa kutu siupendi sana, chukua karanga. Karanga zilizokaangwa ukiziacha wazi wiki kadhaa zinaanza kuwa chungu na kunuka mafuta ya zamani, ile ni oksijeni imeyala mafuta yake. Ngozi ya mbegu imejaa mafuta laini ya aina hiyo, na mwili wake ni mdogo mno hauna akiba ya kujilinda wala kujitengeneza ikishaumia, kwa hiyo zile kemikali kali za oksijeni zikizidi zinaila ngozi, mkia unalegea, na ata vinasaba ndani vinakatika vipande. Lakini kitu ambacho jamaa hakukwambia, labda nae hakijui, ni kwamba mbegu inahitaji kiasi kidogo cha hizo hizo kemikali ili iweze kulipenya yai. Ukizizima zote haifanyi kazi. Kwa hiyo hili neno la kusafisha mwili, kwenye mambo haya, halina maana aliyokupa.

Na vidonge je? Kuna tafiti ndogo ndogo nyingi zinazotia matumaini, ndo wauzaji wanazozichukua. Zile kubwa zimekuwa za kukatisha tamaa. Mwaka 2020 Marekani walitoa majibu ya jozi 2,370 za mke na mume, nusu ya wanaume wakapewa zinki na foliki kila siku miezi 6, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Waliopata mtoto upande wa dawa asilimia 34, upande wa bure asilimia 35. Tena vipande vya vinasaba vilivyokatika viliongezeka kidogo kwa waliokunywa dawa, na tumbo liliwasumbua zaidi. Mwaka huo huo utafiti mwingine uliochanganya vitamini C, E, seleniamu, lycopene na wenzake haukuona mbegu zikibadilika. Huwezi kusema hakuna mwanaume yeyote duniani anayesaidika, madaktari wengine bado wanaviandika kwa miezi michache wakiwa na sababu. Ila wanaviandika baada ya kukuangalia. Wewe hujaangaliwa. Na vitamini E ya nguvu kubwa ikitumiwa miaka si kitu cha kuchezea, utafiti mmoja mkubwa Marekani uliiona ikiongeza saratani ya tezi dume. Je kwenye boksi lako imeandikwa kuna nini na kiasi gani? Nadhani ungelisoma usiku huu huu kabla ya kuamua hizo tatu. Na akikuletea sindano za homoni ya kiume kwamba zinaongeza nguvu, hapo simama kabisa mana zile zinauambia mwili usitengeneze mbegu.

Kinachoniumiza ni kwamba sababu zenyewe za hiyo oksijeni umeniandikia mwisho wa barua kama vitu vidogo vya ziada. Sigara pakti moja, moshi ule unaingiza kemikali hizo moja kwa moja. Korodani zimewekwa nje ya mwili makusudi, zinatakiwa ziwe na joto la chini kuliko mwili kwa nyuzi 2 mpaka 4, wewe umezikalisha juu ya injini masaa kumi na taulo juu yake. Zile seli 10 hadi 15 walizoandika kwa kalamu, kama kweli ni za usaha, zinaweza kuwa dalili ya maambukizi, na seli hizo zikiwa vitani ndo kiwanda kikubwa cha hizo kemikali. Kuna aina ya maambukizi inatibika kwa dawa ya kawaida kabisa, na kama ipo mke wako nae inamhusu, hilo peke yake ni sababu ya kutolala nalo.

Na hilo korodani la kushoto. Hapa daktari alinisimamisha nisiendelee kusoma. Uzito unaokuja ukikaa au kusimama sana na kuondoka ukilala ni maelezo ambayo mara nyingi yanaendana na mishipa ya damu kuvimba kwenye mfuko wa korodani, wao wanaita varikosele. Karibu wanaume 15 kati ya 100 wanayo, na kwa wanaotafuta mtoto bila mafanikio inakutwa kwa theluthi moja au zaidi, na karibu kila mara inaanzia kushoto kwa sababu ya namna mshipa wa upande ule unavyoingia kwenye mshipa wa figo. Damu inasimama, joto linapanda, oksijeni kali inazaliana. Wengine inawatosha kufanyiwa upasuaji mdogo na mbegu zikaanza kupanda ndani ya miezi 3 mpaka 6, wengine hazipandi, na wengine daktari anasema tuiache. Huwezi kujua mpaka mtu akupapase umesimama, dakika mbili tu, pengine na ultrasaundi. Boksi tano zimegharimu 1,700,000 na hakuna aliyekushika ata mkono.

Kula vizuri ni sawa, mapera, mchicha, korosho, nyanya, dagaa, pera lina vitamini C mara nne ya chungwa na njiani yanauzwa kwa bei ya chini, mi siyaiti dawa ila hayana hasara. Kuacha sigara ni kazi ngumu kwa mtu wa barabara ya usiku, najua, anza hata kwa kupunguza na umwambie daktari akusaidie. Hesabu yako ni ile ile ya miezi mitatu, mbegu ambazo mwili unaanza kutengeneza leo utaziona baada ya miezi kama mitatu.

Kuna dhana nyingine nataka niiguse. Unasema mmetafuta mtoto tangu 2021. Kweli mmetafuta? Mwanamke anashika mimba kwenye siku kama 6 tu za mzunguko, zinazoishia siku yai linapotoka, zile sisi tunaziita siku za hatari, kwenu nyie ndo siku za neema. Wewe unakaa nyumbani siku 4 au 5 kwa mwezi na tarehe zinapangwa na foleni ya Kasumbalesa. Piga hesabu ya mzunguko wa siku 28, ukirudi bila kupangilia, karibu safari mbili kati ya tatu unafika siku hizo hazipo, na nyingine unakuta yuko kwenye hedhi. Watu wanasema mwaka mmoja wa kujaribu bila mimba ndo mkapime, ila wanamaanisha watu wanaolala nyumba moja. Miaka yenu minne, kwa hesabu za mwili, ni michache zaidi ya hapo. Fundi cherehani anayeandika vipimo vya wateja kwenye daftari hashindwi kuandika na tarehe zake, na wewe ukiweza kubadilishana mzigo na mwenzio wiki moja tu mambo yanaweza kuwa tofauti. Lakini unaona? Hili huwezi kulifanya bila kuongea nae.

Basi tuje kwake. Unauliza umwambie sa hivi au namba zikipanda. Ukisubiri, una matumaini utamletea habari ya kupona na itauma kidogo. Hatari yake ni mda. Kikao kilishakaa, na ye alishasema ataondoka kwa amani, mwanamke akisema kwa upole vile mara nyingi ameshafungasha moyoni. Zikipanda atakuuliza ulijua lini, na utajibu Machi, na ye atahesabu Aprili, Mei, Juni, na siku ya zile sahani. Zisipopanda utasubiri mpaka lini? Na hela ya ovaloki, vyerehani vyake atavihesabu mwenyewe, ni suala la mda tu.

Ukimwambia sasa, usitegemee akukumbatie. Inawezekana atalia, atakasirika, ataenda kwao wiki, pengine atamwambia dada yake na habari ikatembea. Inawezekana cha kwanza kitakachomuuma si mbegu, ni kikao. Hilo nakuandaa nalo mapema, mana wanaume wengi wakisharipoti tatizo la mwili wanadhani wameshatubu yote, kumbe mke anasubiri neno kuhusu siku aliyoachwa amesimama peke yake. Yapo mambo mawili ya kuomba radhi na ni vizuri usiyachanganye. Kuna wengine wameona ni rahisi kuanzia kwa daktari, wanarudia kipimo kwanza kwa masharti yake, wakishajua wanaongelea nini ndo wanakaa na mke. Inakupa maneno, ila inaongeza wiki za kunyamaza. Wengine wanaanza na mke na kwenda hospitali wote. Mi moyo wangu uko kwenye hili la pili, nakwambia ukweli, ila wewe ndo unamjua akishtuka anakuwaje. Simu kutoka Kapiri huko Zambia saa sita usiku isiwe ndo njia. Usimpe karatasi akaisoma peke yake.

Kuhusu binti wa Lushoto. Dini yako na mila zako zina nafasi ya mke wa pili, hilo sitaingia. Nakuuliza tu, huyo binti ataambiwa nini? Kama karatasi inasema kweli, tatizo halitabaki Kibaha, litapanda nae gari. Baba yetu mdogo, Mungu amrehemu, alioa wake watatu kwa sababu hii, wakaondoka mmoja mmoja na jina la tasa, wawili wakazaa huko walikoenda. Alikufa mtu mzima na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote, wala ye hakuwahi kusema. Nilikuwa mdogo, namkumbuka anavyokaa barazani na redio. Hajawahi kuwa mtu mbaya. Alinyamaza tu, mara tatu.

Mama yako simuoni kama adui. Anaogopa afe hajamuona mjukuu, na hajui anachokisema kinamuumiza nani kwa sababu hujamwambia. Si lazima ajue namba za maabara, huo ni mwili wako. Lakini kati ya kumwambia kila kitu na kunyamaza kuna sentensi nyingi. Wengine wanasema, mama, tumepimwa wote wawili, tatizo si la mke wangu, liko upande wangu na natibiwa, naomba asiitwe hilo jina tena. Itakugharimu. Baba mdogo atacheka labda, kuna watu wa yadi watajua, na nguvu za kiume watu wanazichanganya na mbegu wakati ni vitu viwili, utasikia maneno ambayo hukustahili. Wengine wanasema tu sina mpango wa kuoa, suala hili ni letu, basi. Hiyo inakulinda wewe zaidi kuliko inavyomlinda yeye. Ni vizuri mke wako awe na kauli kwenye kuchagua ipi isemwe, mana jina linalochafuka ni lake.

Na mkifika kwa daktari mkaambiwa namba kweli ziko chini na hazipandi, bado njia hazijaisha. Tangu 1992 kuna namna wanachukua mbegu moja tu wanaiingiza kwenye yai maabara, na inafanyika Afrika Mashariki pia, ni mamilioni kadhaa na haina uhakika, wengine wanajaribu mara mbili tatu, kwa hiyo mkifikia hapo mtahitaji kuongea hela kwa uwazi ambao sa hivi hamna. Wapo wanaolea mtoto wa ndugu, wapo wanaoamua kubaki wawili. Sikupeleki huko leo.

Cha karibu ni safari yako ijayo. Ukirudi pumzika, siku mbili tatu ziwe zimepita tangu mlale pamoja, ndo urudie kipimo, na tafuta sehemu yenye chumba kwenye jengo hilo hilo la maabara chenye komeo, uulize kabla kwa simu, usione aibu, wanaulizwa kila siku. Bebeni na majibu yake ya mirija, daktari atataka kuyaona yote mezani kwa pamoja. Sigara ya mwisho siku hiyo sikuulizi. Na ukishaongea nae, ikienda vizuri au vibaya, niandikie, ata kama ni mistari miwili umepaki Tunduma.

Dada yako